Jembe la Mgeni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mgeni anapokuja kumtumikia Mungu kwetu akiwa mzee, hana tena nguvu za kujenga wala za kuzunguka vijijini, tumpe jembe gani? Na akishalima, sisi tuliolimiwa tunadaiwa nini?

Tumezoea kuupima umisionari kwa damu na kwa majengo. Hapa chini ya Mlima Meru tunavyo vyote viwili. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri hata kabla hawajaanza kazi. Mwaka 1902 wenzao walikuja tena na kuanzisha kituo Nkoaranga, ambako leo kuna hospitali ya kanisa. Hayo tunayakumbuka, na ni haki tuyakumbuke. Lakini upo utumishi mwingine ambao hauachi kaburi la kuzuru wala jiwe la msingi.

Tulipokuwa wanafunzi wa theolojia Makumira, tuliwafahamu mume na mke waliokuja kutoka ng'ambo baada ya kustaafu kazi zao. Tuliwaita Babu na Bibi. Babu alifundisha vipindi vichache tu. Kazi yao kubwa ilikuwa nyumbani. Kila siku saa kumi jioni mlango ulifunguliwa na birika la chai likawekwa mezani. Aliyekuja na swali la Kigiriki alifundishwa Kigiriki. Aliyekuja na habari za msiba hakuhubiriwa. Alipewa kiti, nao wakaketi naye. Bibi alijifunza kupika loshoro kwa mama jirani, na ingawa haikuwahi kufanana na ya mama zetu, tuliila tukaimaliza. Umeme ukikatika, sala ya jioni iliendelea kwa mshumaa. Kesho yake, hivyo hivyo.

Wengine wetu tulinong'onezana: hii nayo ni kazi? Mtu aache wajukuu wake, apande ndege, aje kutumiminia chai?

Neno la Mungu linatujibu kupitia Prisila na Akila. Katika Matendo 18 hatusomi kwamba walijenga chochote isipokuwa mahema, nayo yalikuwa riziki yao. Walifukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine, wakaishi Korintho, wakampokea Paulo nyumbani mwao. Baadaye, huko Efeso, walimsikia Apolo akihubiri kwa bidii huku akiujua ubatizo wa Yohana tu. Hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kanisa likapata mhubiri hodari kwa sababu kulikuwa na nyumba ya kumpokea.

Hata kanisa letu la Kilutheri lina deni kwa meza ya mume na mke. Huko Wittenberg, Martin Luther na mkewe Katharina von Bora waliishi na wanafunzi nyumbani mwao. Yale aliyoyasema Luther wakati wa chakula, wanafunzi waliyaandika, na bado yanasomwa. Lakini chakula chenyewe hakikushuka kutoka mbinguni. Katharina alilima bustani, alifuga, alihesabu matumizi. Bila jembe lake, mezani pasingekuwa na mazungumzo.

Basi tumeshajua kwamba chai yaweza kuwa utumishi. Linalotuuma ni jingine. Jioni moja Bibi alitupokea macho yakiwa mekundu. Alitumiminia chai kama kawaida. Tulikunywa, tukaeleza shida zetu za ada na za mitihani, tukaombewa, tukaondoka. Wiki kadhaa baadaye ndipo tukasikia kwamba siku ile alikuwa amepata habari ya kifo cha dada yake, wala hakuweza kusafiri kwenda kumzika. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza. Tulikuwa tumeketi mezani pake miaka miwili bila kujua majina ya wajukuu wake. Na sisi ndio watu ambao salamu zetu haziishi mpaka tumeulizia watoto, mifugo na mvua!

Tulimgeuza mtu kuwa bomba la maji: ukiwa na kiu unafungua, ukishiba unaenda zako. Tulidhani aliyekuja kutoa hana haja ya kupokea. Lakini Bwana wetu mwenyewe alimwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa, na alikubali kuandaliwa chakula nyumbani kwa Martha. Anayependa bila kuruhusiwa kupendwa anabebeshwa upweke, na waliombebesha ni wale wale anaowahudumia. Paulo hakufanya hivyo. Katika Warumi 16 anawasalimu Prisila na Akila kwa majina na kukiri wazi deni lake na la makanisa.

Deni letu tutalilipaje? Vijana wamejaa Arusha, katika vyuo na katika vyumba vya kupanga vya Sakina, Kijenge na Ngaramtoni. Jumapili wanaimba kwaya; Jumatatu hakuna mzee hata mmoja anayejua kama wamekula. Na mtaa wa pili yupo mwalimu mstaafu na mkewe, watoto wamehamia Dar es Salaam, nyumba imebaki kimya. Birika lipo, na viti vipo. Je, tunasubiri mtu avuke bahari aje kuufungua mlango ambao ufunguo wake tunao mfukoni?

Mzee wetu, chagua siku moja ya juma, wajulishe wazee wa kanisa, kisha fungua mlango saa kumi jioni. Nawe kijana utakayeketi pale, baada ya shikamoo na kabla hujataja ada, uliza kwanza: Bibi, wa kwenu hawajambo? Kisha ukae usikilize jibu.