Dharura Haifuti Haki ya Mchukuzi



Kila serikali hufikiwa na siku ambayo mizigo imelala na watu wa kuichukua hawapatikani. Siku hiyo huzuka maswali mawili. La kwanza: je, haja ya wengi yaruhusu kumlazimisha mtu kufanya kazi asiyoitaka? La pili: akishalazimishwa, mtu huyo hubaki na haki gani? Swali la kwanza hujibiwa upesi, maana mwenye nguvu ana haraka. La pili huachwa, na humo ndimo dhulma hujificha. Basi leo tulitazame hilo la pili.

Mfano wake hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Uko Tukuyu, wilaya ya Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, nchi ya mvua nyingi, migomba na chai. Wajerumani waliuita mji huo Neu Langenburg. Mwishoni mwa Mei 1916, majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey, yaliyotokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaliuteka. Kuuteka hakukuwa na taabu kubwa. Taabu ilikuwa kulilisha jeshi lililosonga mbele kwenda Njombe na Iringa. Meli zilileta vitu kwa Ziwa Nyasa, lakini kutoka ufukweni kupanda milimani hapakuwa na reli, barabara zilikuwa matope, na wanyama wa mizigo katika nchi nyingi za vita vile waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa cha binadamu.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Mchukuzi mmoja abebe ratili 50 za chakula. Naye ni mtu, hula. Mpe ratili 2 kwa siku. Safari ikiwa ya siku kumi kwenda na kumi kurudi, yeye mwenyewe atakula ratili 40, na askari aliye mbele atapata ratili 10 tu. Kwa hiyo kila jeshi lilipopiga hatua mbele, wachukuzi walihitajika maradufu, na wengine wa kuwachukulia wachukuzi chakula chao. Ndiyo maana watu hawakutosha. Kwa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa kiasi cha watu milioni moja walichukuliwa kazi hiyo katika Afrika ya Mashariki na ya Kati hadi vita vilipokwisha mwaka 1918. Wajerumani nao walikuwa na wachukuzi wao, na wengi hawakulipwa kitu.

Sasa, msomaji, wewe ni mtu wa pwani na biashara waijua. Kitu kikiadimika, bei yake hupanda. Karafuu zikiwa haba, mwenye karafuu hucheka. Basi kazi ilipokuwa haba, ujira wa mchukuzi ulipaswa kupanda. Je, ulipanda? La. Nchini Kenya, serikali ilipitisha mwaka 1915 sheria ya kuwaandikisha wachukuzi kwa lazima, na ujira ukateremshwa hadi rupia 5 kwa mwezi, hali wa mwanzo walikuwa wakipata mara mbili ya hizo na zaidi. Tazama ajabu hii! Aliyehitajiwa kuliko wote ndiye aliyepunguziwa. Nguvu ya amri ilipoingia sokoni, mizani iligeuka juu chini.

Tena walilipa kwa miili yao. Mtu wa Rungwe aliyezoea ndizi alipewa unga, mara nyingi hata usioiva sawasawa. Aliyezaliwa katika joto la ufuko wa Nyasa alipandishwa kwenye baridi ya Ukinga na Ubena. Kuhara damu na homa ya mapafu ziliua kuliko risasi. Hesabu za serikali yenyewe zilitaja zaidi ya wachukuzi 40,000 waliokufa, na wanahistoria waona kuwa idadi ya kweli ilizidi sana hapo.

Mtu aweza kusema: "Lakini ilikuwa vita, na dharura huhalalisha yaliyokatazwa." Naam, kanuni hiyo ipo, na hatuikatai. Lakini wanavyuoni wa fiqhi hawakuishia hapo. Waliweka kanuni nyingine kando yake, kwamba dharura haibatilishi haki ya mwingine. Mtu aliyekaribia kufa kwa njaa akila chakula cha mwenziwe bila ya idhini, hana dhambi. Lakini wengi wa wanavyuoni wasema ni juu yake kulipa thamani yake atakapoweza. Dharura ilimwondolea dhambi ya kuchukua, haikumwondolea deni. Pima sasa: ikiwa chakula cha mtu chadaiwa, jasho na uhai wake je?

Na deni lilikuwapo, limeandikwa kwenye vitabu vya serikali. Wachukuzi wengi walikufa kabla hawajapokea mishahara yao, na warithi wao hawakujua wapi pa kuidai. Baada ya vita, suala la fedha hizo lilipelekwa London. Hazina ya Uingereza ilikataa kuzitoa. Hata shauri kwamba zitumiwe kwa manufaa ya watu wa nchi walizotoka marehemu hao halikukubaliwa.

Linganisha hayo na kisa mashuhuri cha watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni, kila mmoja akimwomba Mwenyezi Mungu kwa amali yake njema. Mmoja wao alikuwa na kibarua aliyekwenda zake akauacha ujira wake. Tajiri hakuutia mfukoni. Aliufanyia kazi mpaka ukazaa mifugo mingi, na mwenyewe aliporudi baada ya muda mrefu kudai kile kidogo chake, akakabidhiwa yote. Yule aliona ujira usiodaiwa ni amana. Hazina iliuona kuwa ni akiba. Hapo, msomaji, ndipo njia mbili zinapoachana.

Wapo waliosema kuwa Waafrika walilazimishwa kwa sababu ni wavivu. Watu wa Rungwe wenyewe walilijibu neno hilo. Katika miaka ya 1920 na 1930 walikwenda kwa wingi, kwa miguu yao, kuchimba dhahabu Lupa, upande wa Chunya. Baadaye wengine walifika hata migodi ya shaba ya Rhodesia. Hakuna askari aliyewasukuma. Walijua ujira, walijua siku ya kurudi, na nyumbani walikuwa na migomba na kahawa zao. Mtu huikimbia kazi isiyo na malipo wala mwisho. Hilo halimfanyi mvivu.

Wala tusidhani mambo haya yamepita. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea, serikali nyingi zilifunga bandari, na kiasi cha mabaharia 400,000 wakakwama melini muda wao wa kazi ukiwa umekwisha. Dunia ilikula na kuvaa kwa kazi yao, na ruhusa ya kushuka wakanyimwa. Mwaka 2021 Uingereza ilipungukiwa na madereva wa malori. Serikali ikaweka askari kuendesha magari ya mafuta, na ikatangaza viza 5,000 za muda kwa madereva wa kigeni, mwanzoni hadi mkesha wa Krismasi tu. Maana yake ni kama kumwambia mtu: njoo utuokoe, kisha uondoke kabla ya karamu. Hata hivyo dereva huyo aliweza kusema hapana, na wengi walisema. Uwezo wa kusema hapana ndio mchukuzi wa 1916 aliokosa.

Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927, na bunduki yake mkononi. Mchukuzi hakusimamishwa pale. Jina lake limebaki Kariakoo, kwenye kambi ya zamani ya Carrier Corps, ambako leo twanunua nazi na samaki bila ya kukumbuka.

Mwisho, ndugu msomaji, tusiilaumu serikali tukajisahau. Kila mwenye nyumba ni serikali ndogo. Yuko hamali wa dukani, yuko mtumishi wa jikoni, yuko kijana uliyemwambia "ngoja mwisho wa mwezi" na miezi ikapita miwili. Siku ya shida yako ulimhitaji, akaja. Shida imekwisha, haki yake haikwisha. Akifa kabla hujamlipa, watafute warithi wake uwape, kwani siku ya hesabu mtu hataulizwa alikuwa na shida kiasi gani tu. Ataulizwa pia alimlipa nani aliyemtoa katika shida hiyo.