Salamu za Barua na Deni la Jibu

Barua ya msomaji kwa mwandishi mashuhuri hutoka kwa mtu anayemjua mwenzake na kwenda kwa mtu asiyemjua hata kidogo. Msomaji wa Wete aliyekimaliza kitabu cha Utengano ameshakaa na Said Ahmed Mohamed siku kadhaa. Anajua kinachomkera mwandishi huyo na kinachomhuzunisha. Mwandishi hana habari kama msomaji huyo yupo duniani. Je, kujuana huku kwa upande mmoja kunazaa haki yoyote? Mwandishi anadaiwa jibu?

Kisiwani Pemba swali hili ni la sheria ya Kiislamu kabla halijawa la adabu, kwa sababu ya mstari wa kwanza wa barua yenyewe. Barua za kale za Waswahili, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zilianza kwa "Ila jenabi", zikamtaja mwandikiwa kwa cheo na jina lake, zikatoa salamu, na "ama baad" ikafungua mlango wa haja. Barua za leo zimeyaacha mengi katika hayo, ila salamu imebaki. Mwanafunzi wa Chake Chake huanza na anwani ya shule pembeni, ile yenye S.L.P., kisha "Assalaam alaykum", ndipo akitaje kitabu.

Salamu ina hukumu yake. Kuianza ni sunna, kuijibu ni wajibu: aya ya 86 ya Sura An-Nisaa inaamrisha maamkizi yarudishwe kwa yaliyo bora kuliko hayo, au kwa mfano wake. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake vinasomwa mwambao mzima, ameeleza kwamba salamu iliyokuja kwa barua hujibiwa papo hapo barua inapomfikia mwenyewe. Kwa Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, imepokewa kauli nzito zaidi, kwamba barua ina haki ya kujibiwa kama salamu ilivyo nayo.

Hapo msomaji atafurahi, lakini asifurahi mapema. Wajibu huanza barua inapofika, na barua nyingi za namna hii hupelekwa kwa mchapishaji, maana kitabu hakichapwi anwani ya nyumbani kwa mwandishi. Isiyofika haimwachii mtu deni. Tena wako wanazuoni waliosema jibu la ulimi linatosha. Mwandishi akiifungua barua ugenini, akasema "waalaykum salaam" peke yake chumbani, ameshalipa. Aliyeko Pemba ataendelea kuulizia posta, naye alijibiwa zamani.

Kwa hiyo barua ya msomaji ni vitu viwili ndani ya bahasha moja. Kuna salamu, ambayo ni deni, na kuna yanayoifuata, ambayo jibu lake ni hisani. Manung'uniko ya wasomaji wengi yanatokana na kuidai hisani kwa hati ya deni.

Yanayofuata salamu aghalabu huwa ni sifa, na sifa ni jambo la hatari kuliko linavyoonekana. Shukrani haina ubaya. Hadithi zinafunza kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Lakini Mtume alimkemea mtu aliyemsifu mwenzake mbele yake, na mwanachuoni Ghazali katika kitabu chake Ihyaa amezihesabu afa sita za sifa: nne zinampata msifuji, mbili msifiwa. Msifuji huweza kupita mpaka au kusema asilolijua. Msifiwa huingiwa na kiburi, au hujiona amefika akalegea. Kwa mizani hiyo, mwandishi anayezinyamazia barua za sifa huenda anajihami, wala si lazima awe na majivuno.

Pemba ina mfano wa maandishi ambayo jibu lake halikuwa la kubahatisha. Kamange na Sarahani, washairi wa kisiwa hicho wa karne ya 19, walikuwa wakipelekeana tungo, na baadhi ya tungo hizo zimo katika Kale ya Washairi wa Pemba, kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla na kutolewa mwaka 2011. Katika majibizano ya mashairi, mtunzi humtupia mwenziwe fumbo, hoja au lawama, na mwenziwe akinyamaza huhesabiwa ameshindwa. Ni kweli kwamba wawili hao walikuwa wakijuana na walikuwa na hadhi moja, na mwanafunzi si Sarahani. Hata hivyo, barua inayouliza kwa nini mhusika fulani alisamehewa, au inayobishana na sura ya mwisho, humpa mwandishi kitu cha kushika. Inayosema tu kwamba kitabu ni kizuri mno humwachia neno moja, ahsante, na hilo hulisema moyoni akageuza ukurasa.

Msomaji anayetaka zaidi ya salamu na aandike neno linalojibika, na anwani yake aiandike kwa herufi zinazosomeka.