Mshindani Aliyeshika Kalamu

Kwenye mashindano ya jioni ya klabu za uvuvi wa mshipi katika fukwe za kusini mwa Uingereza kuna kanuni ndogo ambayo mgeni anaweza kuipita asiione. Mvuvi akishamvuta samaki hadi nchi kavu, hajipimii wala hajiandikii. Humwita jirani, yule aliyesimama hatua kadhaa kushoto au kulia kwake. Jirani huacha fimbo yake kwenye kitegemeo, akaja, akatazama samaki akilazwa juu ya ubao wa kupimia, akasoma sentimita, akatia saini kwenye kadi. Kisha samaki hurudishwa majini. Huyo jirani si mwamuzi wala hakulipwa. Ni mshindani, na kila sentimita anayoithibitisha kwa mwenzake inampunguzia yeye nafasi ya kushinda. Naona hapo pana jibu la swali ambalo tumezoea kulijibu haraka mno: uaminifu hutoka wapi? Jibu la kawaida ni kwamba hutoka moyoni, kwenye malezi, kwenye dini. Sina ugomvi na jibu hilo, ila naamini sehemu kubwa ya uaminifu hutokana na jinsi watu walivyopangwa kusimama.

Tuuchukue ufukwe wa Chesil, mkoani Dorset, ambao wavuvi wa fimbo wa Uingereza wanaujua kama waumini wanavyoujua msikiti wao wa Ijumaa. Una urefu wa takriban kilomita 29, kutoka West Bay hadi Portland, na ni wa kokoto mwanzo hadi mwisho. Upande wa West Bay kokoto ni ndogo kama njegere, na kadiri unavyoelekea Portland zinakua hadi kulingana na ngumi. Husimuliwa kwamba wavuvi wa zamani waliotua pale usiku wa giza walijua walipo kwa kuokota kokoto moja na kuipima kiganjani. Kina cha maji huanza karibu na nchi kavu, kwa hiyo samaki nao hukaribia. Mchana wa kiangazi hupita makundi ya samaki wa jamaa ya kibua. Mwanga ukififia huja wayo, taa, mkunga, papa wadogo wenye madoa na, kwa mwenye bahati, besi, samaki wa rangi ya fedha anayeheshimiwa kuliko wote. Ndiyo maana mechi za kiangazi huwekwa saa hizo, tuseme kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne. Wenyewe huziita za jioni, na kwao ni jioni kweli: mwezi Juni jua huzama huko baada ya saa tatu usiku, wakati sisi tumeshakula na kufunga milango.

Kabla chambo hakijatiwa kwenye ndoana, hupigwa kura. Kila mshiriki huchomoa namba, na namba hiyo ndiyo kituo chake kwenye mstari wa ufukwe. Haruhusiwi kuhama hata akiona mwenzake wa mbali anavuta samaki mmoja baada ya mwingine. Methali yetu husema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Kura humnyang'anya mvuvi ujuzi huo hasa. Mzee aliyeujua ufukwe huo miaka arobaini, akijua ni wapi chini ya maji pana shimo, anaweza kuangukia mahali pakavu, huku kijana aliyejiunga mwezi uliopita akasimama juu ya shimo lenyewe. Wapo wanaolalamika kwamba huu ni ubatilishaji wa ustadi, na hawajakosea sana: hata vituo vya mwisho wa mstari vinajulikana kuwa na faida, kwa kuwa aliye pale ana jirani upande mmoja tu na bahari huru upande wa pili. Klabu nyingine hugawa mstari katika kanda ili kupunguza pengo. Lakini kura ina kazi ya pili ambayo haitajwi sana. Kwa kuwa hakuna anayechagua kituo, hakuna anayechagua jirani. Shahidi wako umepewa na bahati. Wawili waliokula njama nyumbani watajikuta mmoja yuko namba 4 na mwingine namba 31, na njama yao imekufa kwenye mfuko wa kura.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tukumbuke mechi hizi zilivyokuwa. Zamani samaki waliuawa, wakakusanywa ndooni, na mwisho wa mechi wakapelekwa kwenye mizani. Hakukuhitajika neno la mtu, samaki mwenyewe alikuwa ushahidi. Mambo yalibadilika idadi ya samaki ilipoanza kutisha. Besi ndiye mfano ulio wazi zaidi. Ni samaki anayekua polepole, na jike huchukua miaka kadhaa kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza, akiwa amekaribia au kupita sentimita 40. Mwaka 2015, baada ya wataalamu kuonya kwamba hali yake inazorota, Umoja wa Ulaya, ambao Uingereza ilikuwa bado mwanachama wake, ulipandisha kipimo cha chini kutoka sentimita 36 hadi 42 na kumwekea mvuvi wa kujifurahisha kikomo cha besi watatu kwa siku. Mwaka uliofuata masharti yakazidi kukazwa. Hata bila sheria, klabu nyingi zilikuwa zimekwisha kuanza kupima urefu na kuachia, ama kwa kuhesabu pointi kwa sentimita, ama kwa kugeuza urefu kuwa uzito kwa jedwali.

Tazama basi kilichotokea. Siku walipoamua kumrudisha samaki baharini, waliurudisha na ushahidi. Samaki anaondoka na urefu wake, na kinachobaki ufukweni ni karatasi yenye namba na saini. Ili kumhifadhi besi ilibidi kwanza pajengwe kitu kati ya binadamu na binadamu: neno linaloaminika bila kitu cha kushika mkononi. Tunapozungumzia uhifadhi huwa tunataja doria, faini na boti za ulinzi, na vyote vina nafasi yake. Ni nadra kutaja kwamba uhifadhi mwingine hauwezekani kabisa mahali ambapo jirani hawezi kuaminiwa na kalamu.

Atasimama mtu aniambie kwamba najenga ghorofa juu ya kokoto. Wavuvi ni mabingwa wa kutia chumvi duniani kote. Samaki aliyeponyoka huongezeka urefu kila anaposimuliwa. Na udanganyifu kwenye mashindano ya uvuvi haujaanza leo. Ni kweli, na visa viwili vinafaa kutazamwa kwa makini. Mwishoni mwa 2012, katika kisiwa cha Guernsey, kwenye bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, mtu mmoja aliingia usiku katika jengo la maonyesho ya samaki hai, akaiba besi wa zaidi ya kilo 6, akampeleka kwenye shindano la klabu kama mavuno yake, akapewa zawadi ya kwanza ya pauni 800. Alinaswa kwa sababu wahudumu waliomlisha samaki yule waliyatambua maumbile yake kwenye picha ya mshindi. Kisa cha pili ni cha Septemba 2022, Cleveland, Marekani, kwenye shindano la Ziwa Erie lenye zawadi iliyokaribia dola 29,000. Msimamizi aliona samaki wana uzito usiolingana na umbo lao, akawapasua mbele ya umati, na matumboni mwao mkatoka vipande vya risasi pamoja na minofu ya samaki wengine. Wavuvi wawili walikiri kosa mwaka uliofuata, wakafungwa siku 10 na kunyang'anywa boti.

Visa hivi viwili huletwa kuonyesha kwamba binadamu haaminiki, nami navisoma kwa upande mwingine. Pale pote palikuwa na samaki, tena palikuwa na mizani. Kote kuwili waliopanga shindano walitegemea kitu badala ya mtu, na kitu kikawasaliti bila kusema uongo: besi wa Guernsey alikuwa besi wa kweli, na mizani ya Cleveland ilisoma sawasawa uzito wa risasi iliyowekwa juu yake. Kilichokosekana ni jicho la pili lililokuwepo wakati samaki anatoka majini. Hakuna aliyesimama hatua kumi pembeni akaona fimbo ikipinda. Na waliofichua walikuwa watu tena, wahudumu waliomjua samaki wao na msimamizi aliyejua umbo la samaki wa uzito fulani linavyopaswa kuwa. Sidai kwamba saini ya jirani haighushiki. Nadai kwamba ni vigumu zaidi kumtia risasi tumboni jirani ambaye naye anataka kushinda.

Pingamizi la fedha ni zito zaidi, na silipuuzi. Mechi ya klabu ya jioni huwa na kiingilio kidogo, zawadi ndogo, na pengine kikombe kinachokaa kabatini mwaka mzima kisha kikarudishwa. Uaminifu wa hapo ni rahisi kwa sababu uongo haulipi. Nakubali nusu. Shindano la dola 29,000 halipaswi kuendeshwa kwa kadi na kalamu peke yake, na Marekani hutumika hata kipimo cha kutambua uongo katika mashindano ya namna hiyo. Ila pauni 800 za Guernsey hazikuwa utajiri, na mtu alivunja jengo usiku kwa ajili yake. Udogo wa zawadi haukumzuia. Zaidi ya hapo, sijasema kwamba anayepima sawasawa papa wa jirani atalipa kodi yake kwa uaminifu asubuhi. Huenda ni mwongo mkubwa kazini. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hiyo: mtu wa kawaida, mwenye tamaa ya kawaida, anaweza kuwekwa mahali ambapo kusema kweli ndiyo njia nyepesi.

Wengine husema kinyume chake, kwamba kumtaka mtu shahidi ni kumtukana. Wanaoaminiana kweli hawaandikiani. Kauli hiyo ina utamu wa kiungwana, na imevunja undugu mwingi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na haikuwekwa kwa ajili ya wezi peke yao. Akina mama wa vikoba wanalijua hili bila kufundishwa na mtu wa ufukwe wa Dorset: sanduku la fedha lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, na pesa huhesabiwa mbele ya wote. Aliyeshika ufunguo haoni ametukanwa. Ametolewa kwenye shaka kabla shaka haijazaliwa. Mvuvi anayemwita jirani aje kupima naye hajidhalilishi, kwa maana samaki wake atakapozungumzwa baadaye, atakayemtetea ni mtu aliyeshindana naye.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulimaliza, na sitajifanya nimelimaliza. Msomaji wa pwani, ambaye kwake mshipi ni kitoweo na ada ya shule, atauliza ni uungwana gani kumtoboa samaki mdomo, kumpima kwa rula, kisha kumrudisha. Ama umle, ama umwache. Si swali la watu wa kwetu tu. Mwaka 2003 mtafiti Lynne Sneddon na wenzake walichapisha ushahidi kwamba samaki wa jamii ya trauti ana vipokezi vya maumivu kwenye kichwa chake, na mjadala haujatulia tangu hapo. Uswisi, kwa kanuni za 2008, hairuhusu kuvua kwa nia ya kumwachia samaki, na Ujerumani sheria ya kulinda wanyama hutaka pawe na sababu ya msingi ya kumuumiza mnyama, ambapo kushindana peke yake hakutoshi. Wavuvi hujibu kwa kutumia ndoana zisizo na kijino, kulowesha mikono kabla ya kumshika, kumrudisha upesi. Yanapunguza madhara, hayafuti swali. Wa kwetu pia wamo katika mjadala huu: Watamu na Malindi wavuvi wa kujifurahisha huwawekea sulisuli alama na kuwaachia, na alama hizo zimewafundisha watafiti safari za samaki hao katika Bahari ya Hindi. Huko angalau pana elimu inayobaki baada ya mchezo. Kwenye mechi ya jioni hubaki kadi, na anayeona kadi ni malipo madogo mno kwa maumivu ya samaki ana haki ya kukaa upande wake.

Kwangu kadi si kitu kidogo, kwa sababu ya wale wasioandika chochote juu yake. Jioni moja ya kiangazi kwa kawaida huwaacha wavuvi kadhaa mikono mitupu: chambo cha minyoo kimeliwa na kaa, chubwi limekwama, kura imewatupa mahali pakavu. Saa nne inapofika mishipi yote hukunjwa, tochi za vichwani hupanda mteremko wa kokoto moja moja, na hata asiyepata kitu humkabidhi katibu kadi yake. Upande wake hakuna sentimita hata moja. Lakini ameacha fimbo yake mara saba gizani, akatembea juu ya kokoto zinazoteleza hadi kwa jirani, na kwenye kadi ya mshindi jina lake limeandikwa mara saba.