Reli Haifuti Dhuluma

Je, kazi njema humwosha aliyekula amana? Liu Zhijun, waziri wa reli wa China kuanzia 2003, aliiachia nchi yake treni za kasi. Mwaka 2013 akahukumiwa kifo kilichoahirishwa kwa rushwa ya yuan milioni 64.6, adhabu iliyopunguzwa baadaye kuwa kifungo cha maisha. Swali hilo latuhusu sisi wa Kwale, ambako reli ya kisasa ya SGR inapita Kinango. Agosti 2018 wakuu wa shirika la reli na tume ya ardhi ya Kenya walishtakiwa kuhusu fidia ya ardhi ya reli hiyo, nao wakakana mashtaka.

Wapo watakaosema wanaofaidika na reli ni wengi kuliko waliodhulumiwa. Lakini reli ya Liu ilijengwa kwa mali ya umma, si ya waziri huyo. Hawezi kulipia dhambi yake kwa fedha za wengine. Wengine watasema Mungu ni mwingi wa rehema. Naam, ila mafunzo yanayosomeshwa madrasa za Diani na Msambweni yako wazi: toba ya aliyedhulumu haki ya mja haikamiliki mpaka haki irudi kwa mwenyewe. Basi treni tuipande, mla rushwa ahukumiwe, na mali irejeshwe.