Kalafati ya Mwili



Nenda Shimoni, hapa Kwale, maji yakishakupwa. Utamwona fundi amechutama ubavuni mwa mashua, nyundo mkononi, akishindilia pamba yenye mafuta kati ya ubao na ubao. Mashua haijaingia maji. Imekaa mchangani, kavu. Mbona ajisumbue? Kwa sababu ufa huzibwa pwani. Ukiuona mkondoni umechelewa.

Basi chombo alichokukabidhi Mola, mbona hukikalafati?

Daktari alipima damu akakwambia lehemu imepanda, hiyo tunayoiita kolestro, akakuandikia statini. Ukameza siku kumi, ukajiona mzima, pakiti ukaisukuma nyuma ya mkebe wa majani ya chai, vidonge ishirini vingali ndani. Ukasema: siumwi. Ndugu yangu, hata siku ile ya kupimwa ulikuwa huumwi! Lehemu haina kelele. Huganda katika kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka, hadi siku damu inapokosa njia. Ikizuiwa kwenda moyoni, ni mshtuko wa moyo; ikizuiwa kwenda kichwani, ni kiharusi, na mkono ulioinua kikombe asubuhi hauinuki tena.

Wako wasemao: hizo ni dawa za wazungu. Sikieni! Mwaka 1973 Mjapani Akira Endo, mtoto wa wakulima, baada ya kuchunguza maelfu ya kuvu, aliipata statini ya kwanza katika kuvu iliyoota kwenye mchele. Mola aliiweka tiba katika kile ambacho sisi hukitupa! Na mwaka 1994, utafiti wa wagonjwa wa moyo 4,444 huko Ulaya ya kaskazini ulionyesha kuwa vifo miongoni mwa waliomeza statini vilipungua kwa asilimia 30.

Wako wasemao: nitapunguza tui na viazi karai, yatosha. Punguza, tena leo! Tembea, tupa sigara. Lakini lehemu nyingi hutengenezwa na ini lako mwenyewe, hata ukilala na njaa. Statini hulizuia ini kuitengeneza kwa wingi, nalo likaivuta ile iliyomo damuni. Ukiacha dawa, ini hurudia desturi yake.

Misuli ikiuma ukiwa kwenye dawa, usinyamaze wala usiamue peke yako. Rudi kwa daktari akubadilishie. Mwenye mimba, au anayeitaka, aseme mapema. Na kidonge chako usimgawie jirani.

Usiniambie kuacha dawa ni tawakali! Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu.

Basi leo usiku uitoe ile pakiti uliyoificha nyuma ya mkebe. Kesho alfajiri ichukue, panda matatu uende Msambweni, useme kweli: niliacha. Upimwe, uanze upya, usiache. Fundi wa Shimoni mashua ile ile aliikalafati mwaka jana, na mwaka huu ameshika nyundo tena.