Sifuri Inayopendeza

Kipimo kikileta habari mbaya, tunakipeleka mahakamani. Kikileta nzuri, tunakiamini bila hata shahidi mmoja. Nimeliona hili kwa binamu yangu, anayefuga samaki wa baharini sebuleni kwake Nairobi, karibu kilomita 500 kutoka baharini.

Asubuhi moja pH ilisoma 7.8. Maji ya bahari huwa 8.1 hivi, basi jamaa akasema dawa ya kupimia imeharibika, akanunua nyingine. 7.8 tena. Kumbe shida haikuwa kwenye chupa wala kwenye tangi. Ilikuwa sisi. Watu wanne tumelala, madirisha yamefungwa, tunapumua usiku kucha, na ile kaboni dioksaidi inayeyuka ndani ya maji na kuyatia asidi. Tulichota kikombe, tukakiweka kwa balkoni na pampu ndogo ya hewa kwa saa moja, tukapima. Ikapanda. Dawa ilikuwa kufungua dirisha. Angemwaga unga wa kupandisha pH, angewaumiza samaki bure. Kwa hivyo sina ugomvi na kushuku habari mbaya.

Ugomvi wangu ni na ile sifuri. Kwa miezi kadhaa nitrati ilisoma sifuri, naye akifurahi, huku mwani wa kijani ukitambaa kwa kioo kila wiki. Sasa, huenda mwani wenyewe ulikuwa umekula nitrati kabla haijapimwa. Ama ni ile chupa ya pili: vifaa vingi vya kupima nitrati hutumia unga wa metali unaotuama chini, na usipoitikisa sawasawa, rangi haitokei. Hakuna aliyeuliza. Sifuri ilikuwa imependeza.

Mwaka 1877 William Clifford, mwanahisabati Mwingereza, aliandika kuhusu mwenye meli kuukuu aliyejishawishi kwamba iko salama, akaiacha iende na abiria. Hakumshtaki kwa uongo. Jamaa aliamini kweli. Alimshtaki kwa kuamini bila haki ya kuamini, akashikilia kwamba hata meli ingefika salama, hatia ingebaki palepale.

Nilimsimulia binamu. Akajibu kitu cha maana: ukirudia kila kipimo dawa inaisha, na dawa ni pesa, na kuna kodi ya nyumba. Kweli. Ukishuku kila kitu hata chai hutakunywa. Lakini hilo ni suala la bajeti, na bajeti hupangwa mapema. Kipimo cha kurudiwa kichaguliwe kabla jibu halijaonekana: wiki hii nitrati, wiki ijayo chumvi, litoke tamu au chungu. Akasema naongea kama mkaguzi wa serikali.

Abiria hapa ni samaki wawili wenye mistari mieupe, waliovuliwa Pwani, ambao hawawezi kujifungulia dirisha. Jumapili iliyopita aliitikisa ile chupa ya pili kwa nguvu, nusu dakika nzima. Maji yakageuka rangi ya chungwa. Swali lake la kwanza: hii dawa haijapitisha tarehe kweli?