Hodi ya Pili

Msiba ukitokea nyumbani na mwana yuko masomoni ng'ambo, je, ni wajibu wake kurudi kuzika, ikiwa marejeo hayo yaweza kuvunja masomo yake? Zamani jibu lilitolewa na bahari, maana habari ilifika maiti amekwisha zikwa. Leo habari hufika kwa dakika moja, na ndege huvuka bahari kwa siku moja. Kinachomtenga mwanafunzi na kwao sasa ni karatasi.

Tuitazame Marekani. Viza ya mwanafunzi katika nchi ile si ruhusa ya kukaa. Ni ruhusa ya kubisha hodi. Mwenye nayo hufika mlangoni, na ofisa wa uhamiaji ndiye asemaye karibu au rudi. Muda wa viza ukiisha naye yumo ndani, akishika masomo na kufuata sheria, hana kosa. Lakini akitoka, hana budi kuomba viza nyingine ubalozini, nje ya nchi ile, na kuwa na hati ya chuo iitwayo I-20 yenye saini ya safari isiyopita mwaka mmoja. Kuitikiwa hodi ya kwanza si dhamana ya hodi ya pili.

Fundo la jambo liko hapa. Sheria ile ile humtaka mwombaji athibitishe kwamba ana makao kwao, na kwamba hana nia ya kuyaacha. Humdhania kuwa mhamiaji mpaka aonyeshe kuwa siye. Basi hutakiwa kuthibitisha mapenzi ya kwao, na mapenzi hayo yanapomwita, huogopa kuyaitika. Aliyeahidi kurudi mwisho wa safari huogopa kurudi katikati yake.

Wako wasemao kwamba mzazi huzikwa mara moja, na elimu hutafutwa maisha yote. Kwa hiyo aende, liwalo na liwe. Neno hili lina uzito, wala simlaumu alifuataye. Lakini safari ya masomo ni mara chache mali ya mtu mmoja. Septemba 1959, wanafunzi 81 walipoondoka Nairobi kwa ndege kwenda New York kwa juhudi za Tom Mboya na wenzake, nyuma yao walikuwako jamaa na majirani waliochanga fedha. Wengi wasafirio leo wana wachangaji kama hao. Mlango ukifungwa, hasara haimwangukii msafiri peke yake. Humwangukia mjane aliyebaki na wadogo wanaotazamia msaada wake.

Kwa hiyo naona kwamba kubaki si lazima kuwe utovu wa adabu. Deni la marehemu ni kweli, na deni la walio hai ni kweli pia. Lakini haki ya kupima madeni hayo si ya mwanafunzi peke yake. Wajibu wake wa kwanza ni kusema kweli: awaeleze wafiwa wenzake hatari iliyopo, kisha awasikilize. Aghalabu huificha hatari hiyo ili asiwaongezee huzuni. Nao, kwa kutojua, huona dharau mahali palipo na hofu. Mama akiambiwa kweli akasema, "Baki, mwanangu, umalize," kubaki kwake ni utii. Akisema, "Njoo," na aende.

Wako pia ambao viza yao ina muda, saini yao ni mpya na nauli wanayo, nao husingizia sheria kwa sababu wameuchoka udongo wa kwao. Hao karatasi haikuwazuia, imewasitiri tu. Kipimo ni chepesi: sababu ambayo mtu hawezi kumtamkia mama yake waziwazi si sababu ya haki.

Na sheria nayo ina la kujibu. Ikitaka kwa kweli mgeni asisahau kwao, haifai kumtoza gharama kubwa hivi kila anapokukumbuka.